Maji ya Moto, Bahasha Nyekundu na Bei ya Yiwu
Mazungumzo na wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma China, pamoja na wazazi wao, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Na nyinyi vijana mnaosubiri viza, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya utamaduni wa Wachina, na mada hiyo inanitisha kidogo. Sensa yao ya mwaka 2020 ilihesabu watu bilioni 1.41. Serikali yao inatambua makabila 56. Kaskazini wanaishi kwa ngano, tambi na mikate ya mvuke. Kusini mtu asipokula wali anaona hajala. Mzee wa Guangzhou akikazana na Kikantoni chake, mwenzake aliyetoka Harbin, kaskazini ya mbali, haambulii kitu. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka huko akaanza kukuambia "Wachina wako hivi", jua anakusimulia mtaa aliokaa. Na mimi leo nitawasimulia mtaa wangu: Wuhan nilikosoma, Guangzhou nilikofanya kazi ya ukalimani kwa wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, na Yiwu nilikokuwa nikiongozana nao kufunga mizigo.

Mwaka 1415 mji wa Malindi ulipeleka zawadi ya twiga kwa Yongle, mfalme mkuu wa China. Kule twiga hakuwa mnyama wa kawaida, lakini katika hadithi zao walikuwa na mnyama aitwaye qilin, ambaye husemekana hujitokeza pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Watu wa ikulu wakaitazama ile shingo na yale madoa, wakasema: ndiye huyu. Twiga wa watu akageuzwa cheti cha uadilifu wa mfalme. Msiwacheke. Nendeni Kunduchi, hapa hapa Dar, mkayatazame makaburi ya nguzo. Mababu zetu walichukua bakuli za kauri kutoka China, vyombo vya kulia chakula, wakazipachika kwenye makaburi ya wakubwa wao. Kila upande ulipokea kitu cha mwenzake ukakipa kazi ya kwake.

Nadhani bado tuko hapo hapo. Kwa hiyo ninyi mnaoondoka nina ombi moja tu: mkikutana na jambo la ajabu huko, kabla ya kusema "ndivyo walivyo", ulizeni jambo hilo linafanya kazi gani, na ni nani anayebeba gharama yake.

Tuanze na maji. Wachina wenyewe wameiweka Wuhan katika orodha ya majiji wanayoyaita matanuri. Mwezi wa saba jasho linakutoka ukiwa umekaa kimya. Unaingia mgahawani, koo limekauka, mhudumu anakuja kwa adabu zote na glasi ya maji, unaishika unaungua vidole. Maji ya moto. Na si mgahawa huo peke yake. Stesheni kuna bomba la maji yaliyochemka. Kwenye treni lipo. Hospitalini lipo, uwanja wa ndege lipo, bwenini lipo, na wanafunzi wanapanga foleni jioni na chupa zao za chai za rangi rangi. Ukipata mafua, unaambiwa unywe maji ya moto. Tumbo la hedhi, maji ya moto. Wasichana wa Kichina huwatania wachumba wao kwamba hata penzi likivunjika ushauri utakuwa ni huo huo.

Wanafunzi wetu hufika wakacheka, na wakati wa baridi huacha kucheka. Wuhan iko kusini ya mto Huai, na tangu miaka ya 1950 serikali ilipanga kwamba majengo ya kaskazini ya mstari huo ndiyo yatakayopelekewa joto la pamoja wakati wa baridi. Kusini mnajitegemea. Darasani mtakaa na makoti, na mwalimu atafungua dirisha ili hewa ipite. Hapo chupa ya maji ya moto inakuwa rafiki yako wa karibu kuliko yule uliyesafiri naye.

Lakini nilisema tuulize kazi yake. Maji ya mito na visima yaliua watu wengi, na katika kampeni za afya za miaka ile ile ya 1950 watu walifundishwa kuyachemsha. Viwanda, shule na vitongoji vikawekewa majiko makubwa ya kuchemshia, kwa sababu kuni na makaa ya kila nyumba yasingetosha. Juu ya hapo kuna tiba yao ya jadi, inayosema mwili unabeba joto na ubaridi na kila chakula kina upande wake. Embe hutia moto. Tikiti na kaa hutia ubaridi. Ukiumwa, kwanza unaulizwa umekula nini.

Sasa watu wa pwani, jambo hili ni geni kwetu? Waganga wetu waliosoma vitabu vya tiba vya Kiarabu waligawa miili na vyakula hivyo hivyo, vya joto na vya baridi, vikavu na vya majimaji, na ugonjwa wa baridi yabisi umebaki na jina kutoka kwenye elimu hiyo. Mimi nimekulia Tanga, na bibi yangu alikuwa na orodha ndefu ya vitu ambavyo mtu mwenye kifua hapaswi kuvigusa usiku. Tofauti ni kwamba wenzetu elimu hiyo wanaifundisha kwenye vyuo vikuu na wanaiuza kwenye maduka ya dawa. Sisi tumewaachia bibi, na bibi wakiondoka inaondoka nao.

Nikae kidogo kwenye uzazi, maana hapo ndipo mlango wa nyumba za Wachina ulinifungukia. Mwanamke wa Kichina akijifungua hukaa ndani mwezi mzima. Hagusi maji ya baridi, hakai penye upepo, na kwa wale wanaoshika mambo ya zamani hata nywele haoshi. Analishwa mayai, tangawizi, sukari guru, na supu ya miguu ya nguruwe ili maziwa yatoke. Nilikwenda kumpongeza rafiki yangu aliyejifungua, nikamkuta amefungwa kitambaa kichwani kama anatoka safarini, na mama yake amesimama mlangoni kama askari. Vijana wa siku hizi kule huona haya kuyasema haya mbele ya mgeni, wanadhani utawacheka. Mimi nikamsimulia yule mama habari za arobaini: kwamba kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo hufungwa kwa kanga, hupewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na hatoki mpaka siku zitimie. Yule mama alikaa chini. Akataka kujua maji yanatiwa majani gani, anayekanda ni nani, na mkwe ana sauti kiasi gani katika jambo hilo. Kikombe changu kikajazwa maji ya moto tena na tena, na tangu siku hiyo sikuwa tena mgeni mwenye nywele za ajabu. Nilikuwa mtu aliyetoka kwenye nyumba yenye akili.

Wengi wakifika hapa hufurahi wakasema "kumbe tunafanana!" wakafunga mjadala. Mimi nasema tuendelee kuuliza habari za gharama. Mijini China siku hizi kuna vituo vya kulaza wazazi mwezi huo mmoja, vimepambwa kama hoteli, na kuna wanawake wanaoajiriwa kuja nyumbani kumhudumia mzazi na mtoto, na mshahara wao unaweza kumzidi karani wa ofisi. Kazi ya bibi imewekewa bei. Huku kwetu bado bibi anapigiwa simu, anapanda basi kutoka Korogwe au Singida, anakanda, anafua, analea, na tunamrudisha na nauli na kanga doti moja. Tunaita mila. Binafsi nadhani kwenye jambo hili wenzetu wamekuwa wakweli zaidi yetu, ingawa najua wapo watakaosema kwamba mkono wa mama haulipiwi. Basi waulizeni hao akina mama.

Saa zao nitazipitia haraka. Nchi ni pana vya kutosha kuwa na majira matano tofauti, lakini tangu 1949 wote wanafuata saa moja ya Beijing. Matokeo yake huko Xinjiang, magharibi ya mbali, wakati wa baridi saa inasema ni saa tatu asubuhi na nje bado kiza. Kwetu sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza, hiyo ni kufuru ndogo. Na tarakimu nazo: nane wanaipenda kwa bahati, nne wanaikimbia, majengo mengine utapanda lifti usione ghorofa ya nne. Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa 8 kwa mshale wao. Kwa Kiswahili ilikuwa saa mbili usiku, na sisi huku tuliotazama kwenye televisheni ilikuwa saa tisa alasiri. Bahati ya nane haikuvuka bahari.

Tuje kwenye fedha. Vijana wetu wakifika China hushangazwa na majengo na treni, lakini kulipa kwa simu hakuwashangazi, na hapo Wachina ndio hushangaa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, wakati muuza mboga wa Wuhan bado anahesabu noti. Wao walikuja kutupita baadaye kwa njia yao, ya kuskani ile QR iliyobandikwa kila mahali, mpaka kwenye toroli la viazi vitamu. Kwa hiyo usijikunje. Kuna jambo la fedha unalolijua tangu nyumbani.

Kitakachokuchanganya ni zawadi. Ukialikwa harusi China utakuta mezani mlangoni mtu amekaa na daftari. Unatoa bahasha nyekundu, hongbao, yenye noti mpya, anaifungua au anaipokea, anaandika jina lako na kiasi. Waziwazi. Wenzetu kadhaa walinilalamikia: "Hawa watu wana roho gani, wanaandika zawadi?" Nami nikawauliza, kamati ya harusi ya dada yako ilikuwa haina mhasibu? Lile kundi la WhatsApp ambalo kila jioni linatoa orodha, fulani ameahidi laki mbili, amepunguza hamsini, bado laki na nusu, lilikuwa ni nini kama si daftari, tena linalosomwa na watu mia? Tofauti ni wakati. Mchango wetu unatangulia harusi, ndio unaoijenga. Bahasha yao inaingia siku yenyewe, na familia mara nyingi imekwishagharimia. Sisi kwa hiyo tunaalika watu ili watuchangie. Wao wanaalika watu ambao wamekwisha kuwadai au kudaiwa nao.

Na deni hilo halitakiwi kwisha. Hili lilinichukua muda kulielewa. Mtu alikupa bahasha kwenye harusi yako. Mwaka fulani mwanawe akioa, unafungua daftari, unatazama alitoa nini, unaongeza kidogo. Ukirudisha kiasi kile kile bila kuongeza, unaweza kueleweka kwamba unafunga hesabu. Pia mgahawani, mtaona watu wazima wanavutana mashati mbele ya karani wa fedha, kila mmoja anataka kulipa yeye. Si ukarimu mtupu. Anayelipa leo amepata sababu ya kukuona tena. Profesa wako akikulipia chakula, usimkimbilie na noti zako za nusu kwa nusu, utamtia aibu. Subiri mwezi upite, mpelekee kahawa ya Kilimanjaro au korosho, bila maelezo marefu.

Mwaka 2014 bahasha hizi ziliingia kwenye simu kupitia WeChat, programu yao ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp yetu, na kwa kawaida bahasha moja haizidi yuani 200. Wakati wa mwaka mpya wao utaona bosi anatupa bahasha kwenye kundi la kazini, watu wananyang'anyana kwa kidole, mmoja anapata yuani 30, mwingine senti. Wote wanashukuru kwa vikatuni vya kuinama. Mzaha, lakini anayekaa kimya baada ya kuokota hukumbukwa.

Naona ndugu zangu wafanyabiashara wamekaa nyuma kule na wamenyamaza, wanajua nakokwenda. Soko la Yiwu, mkoa wa Zhejiang, lina takriban maduka 75,000. Ni maduka ya sampuli. Unapita, unaona kitu, mwenye duka anaandika bei kwenye kikokotoo, nawe unaandika ya kwako. Nimekalimani mazungumzo hayo mara nyingi, na nataka wazazi wasikie jinsi yanavyokwenda. Mteja wetu anashika taa ya sola. Bei ni hii. Anasema punguza. Muuzaji anapunguza kidogo. Anasema punguza tena. Muuzaji anamtazama, anauliza: unataka ya bei gani hasa? Anatajiwa. Anasema sawa, ipo, lakini betri nitabadilisha, na waya utakuwa mwembamba. Mteja anasema weka. Kontena linafunga, linashuka bandarini, taa inauzwa Kariakoo, miezi mitatu imezima, na mnunuzi wa Mbagala anasema: "Mchina huyu!"

Kiwanda kile kile, kwenye mstari wake wa pili wa uzalishaji, kinatengeneza taa za kuuzwa Ujerumani. Sisemi kwamba hakuna wauzaji matapeli kule. Wapo, na wapo wanaokuonyesha sampuli nzuri wakakufungia takataka. Lakini neno feki tumelivisha uso wa Mchina kana kwamba alikuja nalo mwenyewe usiku akalimwaga Kariakoo. Liliagizwa. Lina risiti, na jina kwenye risiti ni la Kiswahili. Mnunuzi wa mwisho ndiye aliyebeba gharama, naye hakuwepo kwenye mazungumzo ya kikokotoo.

Tuna mengine kama hayo. Nimesikia tangu utotoni kwamba Wachina wanaojenga barabara ni wafungwa walioletwa kumalizia vifungo. Ukitaka ushahidi huupati, lakini uvumi hauhitaji ushahidi, unahitaji tu watu wanaofanya kazi mpaka usiku na kulala kambini. Mchina wa kambini ni baba wa watu, amekuja kwa sababu mshahara wa nje ni mkubwa na anajenga nyumba kijijini kwao. Nenda Gongo la Mboto kwenye makaburi ya mafundi wao waliofia huku, wengi wakati wa ujenzi wa TAZARA, reli ya kilometa 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Kila mwezi wa nne, siku ambayo Wachina husafisha makaburi ya wazee wao, ubalozi hupeleka maua pale. Na huko China utakutana na wazee ambao hawajui lolote kuhusu Afrika ila reli hiyo. Ukisema umetoka Tanzania, mzee wa miaka sabini anafungua mikono kama mliwahi kuishi nyumba moja. Mjukuu wake atakuuliza kama kwenu kuna intaneti.

Hapo ndipo tunafika kwenye namna wanavyotuona, na sitaki kuwapaka mafuta. Mtatazamwa. Kwenye miji midogo mtapigwa picha bila kuombwa, na bibi mmoja sokoni anaweza kukushika nywele, au kusugua mkono wako aone kama rangi inatoka. Weupe wa ngozi kule ni uzuri unaouzwa dukani kwa krimu na miavuli ya jua, na sisi wenye maduka ya mkorogo hatuna ubavu wa kuwafundisha. Kazi za kufundisha Kiingereza zitakuwa na sharti ambalo halijaandikwa, kwamba mwalimu awe mzungu, hata kama Kiingereza chake kimevunjika.

Lakini tofautisheni. Bibi wa sokoni ana udadisi. Mpe jina lako, mwulize bei ya vitunguu, baada ya wiki mbili anakuongezea kitunguu cha bure. Mwenye nyumba anayekufukuza kwa sababu ya rangi ni jambo jingine. Mwezi wa nne mwaka 2020, wakati wa Korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokwishalipia, wakalala nje, wengine wakawekwa karantini bila kujali walisafiri au hawakusafiri. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing waliandika barua ya kulalamika. Kuna watu husema tusiyakumbushe haya kwa ajili ya urafiki wa nchi zetu. Mimi naona urafiki usioweza kusikia jambo hilo ni wa kwenye mabango tu. Na pia nitasema nilichokiona: kulikuwa na wanafunzi wa Kichina waliobeba chakula mpaka Xiaobei, mtaa wa Waafrika wengi pale Guangzhou, wakati ule ule, wakatukanwa na wenzao mtandaoni kwa kufanya hivyo. Wote wawili, aliyefukuza na aliyeleta chakula, wangeweza kuwa wamelelewa mtaa mmoja. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya China ilihesabu wanafunzi wa Kiafrika zaidi ya 81,000 nchini mwake, kwa hiyo mtakuwa wengi wa kuona na kuonwa.

La mwisho ni ndoa, maana mama mmoja amenivuta pembeni kabla hatujaanza, na naona kina baba nao wanataka jibu ila wanaona haya.

Tunapenda kuamini kwamba mahari ni jambo letu. China yapo, na yanawatoa watu jasho. Upande wa mwanamume unatoa fedha kwa upande wa mwanamke, na sehemu nyingi unatarajiwa kuwa na nyumba kabla ya harusi, angalau iliyoanza kulipiwa. Vijijini baadhi ya familia zinafilisika kwa ajili hiyo, mpaka serikali imekuwa ikitoa maelekezo ya kupunguza viwango, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Watu ikatoa kanuni za lini mahari yarudishwe ndoa ikivunjika mapema. Shanghai, kwenye bustani ya Watu, kila mwisho wa juma wazazi wanakuja na karatasi zilizobandikwa juu ya miavuli: mwaka wa kuzaliwa, urefu, elimu, mshahara, nyumba ipo au haipo. Mtoto mwenyewe mara nyingi hayupo, wakati mwingine hajui. Washenga mia tano wamekaa kwenye viti vya kukunja, kila mmoja mshenga wa mwanawe.

Kwa nini wazazi wahangaike hivyo? Kuanzia 1980 mpaka 2015 familia nyingi za mijini ziliruhusiwa mtoto mmoja. Hesabuni wenyewe. Mtoto wa pekee akioa mtoto wa pekee, mtoto wao anazaliwa hana mjomba, hana shangazi, hana baba mdogo. Na jamii hii ilikuwa, kama yetu, inamtofautisha kaka mkubwa wa baba na mdogo wake, na ndugu wa mama na ndugu wa baba, kila mmoja ana cheo chake na wajibu wake. Vyeo vimebaki, wenye kuvishika hakuna. Wazee wanne wanamtazama mjukuu mmoja. Sasa serikali inaruhusu watoto watatu, tangu 2021, na vijana wanasema asante hapana. Mwaka 2022 idadi ya watu ilipungua kwa mara ya kwanza tangu 1961. Kwa hiyo yule rafiki yako wa bwenini anayepigiwa simu na mama yake kila usiku kuulizwa amekula nini, usimwite mtoto wa mama. Yeye peke yake ndiye bima ya watu wawili.

Basi, mama, ulichoniuliza ni hiki: mwanangu wa kiume akiniletea Mchina je? Jiandae kutoa mahari, hilo tumekwishalisema. Swali la pili litakuwa nyumba, na jina la binti yao litaandikwa kwenye hati au halitaandikwa. Hapo utawaeleza kwamba sheria ya ardhi ya Tanzania haimpi mgeni umiliki isipokuwa kwa uwekezaji, nao watakutazama kama unakwepa. Swali la tatu ni la mjukuu. China haikubali uraia wa nchi mbili, nasi kwa mtu mzima hatuukubali, kwa hiyo mtoto akikua itabidi achague pasipoti moja, na mabibi wote wawili watakuwa wamekwishamchagulia zamani. Mshenga wa hapo awe mwanasheria.

Nipo hapa mpaka chakula cha mchana kwa wenye maswali, ila ya viza yaelekezeni kwa maofisa waliokaa meza ile ya kulia.